Mashua Yaundwa Malili

Msomaji aliyepata kusafiri kwa basi baina ya Mombasa na Nairobi anaijua Malili, hata kama jina lake halijui. Ni pale penye vibanda na malori yaliyoegeshwa kando ya barabara kuu, zikiwa zimebaki kilomita 60 na ushei kuingia Nairobi. Upepo wa hapo hauna chumvi hata kidogo, una vumbi tu; na jicho likitazama halioni ila nyika, nyasi na nguzo za umeme. Huko ndiko nilikoitwa mwezi uliopita kwenda kutazama chombo cha baharini.

Nasema chombo cha baharini, na kalamu haikuteleza. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anafanya kazi ya kutia umeme katika majengo ya mji mpya wa Konza, ule uliozinduliwa na Rais Mwai Kibaki Januari 2013 juu ya ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili. Amepanga nyumba ya mabati yenye uwanja nyuma. Katika uwanja huo, baina ya tangi la maji na banda la kuku wa mwenye nyumba, amesimamisha juu ya magogo mawili mashua ya futi 11, ameiunda kwa mikono yake mwenyewe, jioni baada ya kazi na siku za Jumapili, kwa muda wa miezi mitatu.

Majirani wanacheka, na siwalaumu. Mama mmoja auzaye maembe mbele ya nyumba aliniuliza kwa adabu nzuri kabisa, "Mzee, huko kwenu bahari imewajaa mpaka hakuna pa kujengea mashua?" Nikakosa jawabu. Mpwa wangu akanena, "Mjomba, usione ajabu. Hapa nimekwisha kupewa jina. Naitwa Nuhu."

Jina hilo lilinifurahisha kuliko alivyodhani. Sisi tuliokaa chuoni na ubao na kalamu ya mwanzi tumekisikia kisa cha Nabii Nuhu, alayhi s-salaam, kabla hatujajua kuandika majina yetu: jinsi alivyoamrishwa kuunda jahazi mahali pasipo maji, na jinsi wakubwa wa kaumu yake walivyokuwa wakimpitia wakimfanyia mzaha. Lakini jambo lililonikaa mimi moyoni tangu utotoni ni dogo zaidi. Katika Suratu l-Qamar chombo kile kinatajwa kwa mbao zake na kwa neno moja la Kiarabu, dusur. Wafasiri wengi wanasema ni misumari. Wako waliosema ni kamba za kushikia mbao. Mwalimu wangu, ambaye baba yake alikuwa nahodha, aliipenda kauli hii ya pili, na siku ya somo hilo alichukua mikeka miwili akaiweka ukingo kwa ukingo, akatuonyesha kwa kidole namna uzi unavyopita.

Naomba msomaji aubebe uzi huo, kwa sababu nilipoikaribia mashua ya Malili na kuinama kuitazama mshono wake, niliona kwamba kijana hakupiga msumari hata mmoja katika ubavu. Ameishona.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Alinunua mbao tatu za plaiwudi, kila moja futi 8 kwa futi 4, na vipande virefu vya saipresi kwa ajili ya mkuku na kingo za juu. Plaiwudi ya kwanza aliitaka rahisi, akauziwa rahisi. Bahati nzuri alikuwa amesoma mahali kwamba ubao wa namna hiyo hujaribiwa kwa kuchemshwa, basi akakata kipande cha kiasi cha kiganja, akakitia katika sufuria ya maji motoni muda wa saa nzima. Kipande kikafumuka tabaka tabaka kama msahafu uliolowa mvua. Ubao ule sasa ni mlango wa banda la kuku. Akarudi dukani akanunua plaiwudi iliyogandishwa kwa gundi isiyoogopa maji, akatoa fedha zaidi, na akakiri mbele yangu kwamba hapo ndipo mahali pa kwanza alipojifunza wapi maskini afanye ubahili na wapi asifanye.

Akazichora mbao zile kwa kipimo alichokitoa katika michoro, akazikata kwa msumeno wa mkono. Kisha akatoboa matundu madogo ukingoni, upana wa kidole kutoka mwisho wa ubao, na baina ya tundu na tundu kiasi cha shubiri. Akapitisha vipande vya waya wa shaba, vile vinavyobaki mafundi wa umeme wakikata nyaya zao, vitu vya kutupwa, akavisokota kwa koleo kimoja kimoja. Anasema ya kuwa jioni ile aliyokaza waya za mbele alishtuka. Mbao zilizolala chini kama milango zilinyanyuka zenyewe, tumbo likatoka, gubeti likajichongoa. Aliiacha taa ikiwaka akakaa kuitazama mpaka usiku wa manane.

Baada ya hapo ndipo ikaja gundi ya epoksi, na gundi hii ndiyo inayokula fedha. Huchanganywa maji mawili, na ikichanganywa na vumbi laini la msumeno huwa kama uji mzito, nao uji huo hujazwa ndani ya mshono kwa mgongo wa kijiko. Hapa kijana alipata msiba wake wa pili. Alichanganya nyingi kwa pamoja ndani ya ndoo, mchana wa jua la Malili, na kabla hajamaliza mshono mmoja ndoo ikapata moto, ikatoa moshi, gundi ikageuka jiwe. Kumbe gundi hii inapoganda hutoa joto, na ikiwa nyingi mahali pamoja joto lake huiharakisha yenyewe. Tokea siku hiyo alichanganya kidogo kidogo katika vikombe, alfajiri baada ya sala, wakati kuna ubaridi. Mshono ulipokauka alizikata waya, akabandika utepe wa fibaglasi ndani na nje, akapaka gundi mara mbili, halafu rangi, kwa kuwa jua huila epoksi isiyofunikwa.

Chini ya ubao wa kukalia, mbele na nyuma, amefunga mitungi minne ya plastiki ya lita 20, mitupu, imefungwa vifuniko madhubuti. Mtungi mmoja uliozama huinua kiasi cha kilo 20. Kwa hivyo mashua hii hata ikijaa maji pomoni haitakwenda chini, na aliye ndani atapata cha kushika. Mitungi yenyewe aliipata kwa jirani auzaye mafuta ya kupikia, kwa bei ya soda.

Nilimwomba daftari lake la hesabu nikaijumlisha mwenyewe. Ukitoa nguvu zake, ambazo hakuziandika, mashua pamoja na makafi yake mawili haikufika nusu ya bei ya pikipiki mpya ya bodaboda. Watu wawili huibeba bila ya kutweta. Inachukua watu wazima wawili na kikapu, na hapo bado shubiri nzima ya ubavu inabaki juu ya maji. Akiongezeka wa tatu shubiri hiyo yapungua, na kijana ameandika kwa rangi nyekundu, ndani, mahali anapoona kila aingiaye: WATU WAWILI.

Sasa nirudi kwenye uzi. Wazee wetu wa Pate, Siyu, Faza na Lamu walikuwa na chombo kikiitwa mtepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, hapana msumari, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mgiriki mmoja aliyeandika khabari za biashara ya pwani hii, yapata miaka elfu mbili iliyopita, alivitaja vyombo vya kushonwa. Mtepe ulikwisha majini katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini. Leo utauona mfano wake katika makumbusho ya Lamu. Mafundi wa Unguja waliunda mwingine mwaka 2003, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, na nyumba hiyo nayo ikaporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020.

Fundi wa mtepe hakuanza na mataruma. Alishona mbao kwanza, chombo kikapata umbo lake kutokana na mbao, kisha ndipo akatia mataruma ya kukipa nguvu. Nilipomweleza mpwa wangu hayo alinikodolea macho. Ndivyo alivyofanya yeye. Alidhani amejifunza jambo la Wazungu.

Na kwa hakika alijifunza kwa Wazungu, na hapo ndipo pana khabari ambayo mwandishi wa gazeti haifai aipite. Mwaka 1963 gazeti moja la London, Daily Mirror, lililokuwa likisomwa zaidi na watu wa kazi, lilidhamini mashua ndogo ambayo mtu angeweza kuiunda katika chumba chake mwenyewe. Iliitwa Mirror, kwa jina la gazeti, na tanga lake lilikuwa jekundu. Waliobuni ni wawili: Jack Holt, msanifu wa mashua, na Barry Bucknell, bwana aliyekuwa akionekana katika televisheni akiwafundisha watu kutengeneza nyumba zao. Vipande vya plaiwudi viliuzwa vimekwisha kukatwa, pamoja na waya wa shaba wa kushonea na utepe wa fibaglasi wa kufunika mshono, vyote kwa pauni 63 na shilingi 11. Zimekwisha kuundwa zaidi ya 70,000. Kabla ya hapo, mwaka 1947, Mmarekani mmoja kwa jina Clark Mills wa Florida alikuwa amebuni kisanduku cha plaiwudi chenye tanga kwa ajili ya watoto, akiombwa kisizidi dola 50. Kikaitwa Optimist, na leo watoto wa dunia nzima hujifunzia tanga humo.

Alhasili, wakati mtepe wetu ulipokuwa umekwisha kuingia makumbusho, mfanyakazi wa Uingereza alikuwa akishona mashua yake sebuleni. Sina ushahidi kwamba walituiga, wala sidai. Mtu yeyote mwenye mbao mbili na uzi aweza kufika hapo. Ninalolalamikia ni jingine. Sisi tuliokuwa na elimu hiyo mikononi tumeigeuza pambo. Mashindano ya majahazi ya Lamu yanapofika tunakwenda kushangilia, tunapiga picha, tunarudi nyumbani kwa boti ya fibaglasi. Na sisi washairi ndio wakosefu wakubwa. Nimeandika beti nyingi humo nikimtaja nahodha, dhoruba, usukani na bandari ya salama, nikasifiwa. Na nilikuwa na umri wa miaka arubaini kabla sijaweza kukuonyesha kwa kidole ipi hanamu na ipi fashini.

Bila ya shaka ziko sababu za fundi wa pwani kukunja mkono. Mti mzuri umekuwa adimu na ghali. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilipopiga marufuku ukataji wa miti, mikoko ya Lamu ikaingia humo humo, na waliokuwa wakiishi kwa boriti wakakaa na njaa. Mvuvi mwenye fedha anataka fibaglasi na mashine. Asiye na fedha anachonga mtumbwi wa muembe, kwa kuwa muembe ni mti laini, unapatikana, na tezo hulila gogo lake bila ya kinyongo, ingawa huoza upesi usipopakwa sifa mara kwa mara. Wako pia waliotafuta njia mpya. Huko Lamu fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la Flipflopi kwa taka za plastiki zilizookotwa, tani 10 nzima, wakaliteremsha majini mwaka 2018, na mwaka uliofuata likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Wale hawakuuacha uzi wa wazee, waliubadilisha rangi.

Nilipokuwa bado Malili nilimpigia simu rafiki yangu, fundi wa mashua wa zamani, nikamweleza nilichokiona. Hakukipenda. "Hilo ni sanduku," alisema. Akanieleza sababu zake, nami nazileta hapa kwa kuwa ni za kweli. Mashua ya plaiwudi haistahimili kuburutwa juu ya mawe ya mwambani kila siku asubuhi na jioni. Ikitoboka huko mbali huwezi kuitengeneza pwani kwa nyundo, pamba ya kalafati na mafuta. Inataka gundi ya dukani, na ikaushwe kwanza. Ubao wa mtondoo au mvule baba humwachia mwana, na plaiwudi hakuna aliyeirithi. Nilipompa mpwa wangu maneno hayo, hakubisha. Alisema yeye hakuiundia mwamba. Ameiundia maji ya bara.

Maji gani ya bara? Hili nalo nililiuliza, nikitazama nyika iliyokauka pande zote nne.

Mbali na hapo, mpakani mwa Makueni na Kitui, mahali Mto Athi unapokutana na Mto Thwake, lilianza kujengwa mwaka 2018 bwawa ambalo ukuta wake unapita mita 80 kwenda juu. Ziwa lake limekadiriwa kushika maji ya mita za ujazo milioni 680 hivi, na miongoni mwa maji hayo yamo yaliyokusudiwa mji huo huo wa Konza anakofanya kazi mpwa wangu. Ziwa la namna hiyo likishajaa, mtu aliyekuwa akivuka mto wakati wa kiangazi kwa miguu, suruali imekunjwa magotini, kwenda kumjulia hali shemeji yake ng'ambo ya pili, atakuta mbele yake maji mapana. Hatakaa nyumbani. Samaki wataingia, na wavuvi watawafuata, kama walivyofanya katika bwawa la Masinga lililomalizika mwaka 1981. Vyombo vitapatikana tu, kwa hali yoyote ile. Vitaundwa na nani, na kwa elimu ipi, hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Maana Ukambani ni nchi ya mito inayolala kama mchanga miezi minane na kuamka kwa saa moja. Wasomaji wanaikumbuka tarehe 4 Desemba 2021, pale Mto Enziu karibu na Mwingi, katika Kitui, basi lililochukua waimbaji waendao harusini lilipojaribu kuvuka daraja la chini lililofunikwa na mafuriko, likapinduka. Walikufa watu zaidi ya 30. Sisemi kwamba mashua ya plaiwudi ingewaokoa. Katika mkondo ule mashua ndogo ingekwenda na wao. Lakini walioyatazama maji yale kabla ya basi kuingia walikuwa wengi, na mtu aliyekulia na chombo huyajua maji kwa kuyatazama. Anajua rangi gani ni ya kupita na rangi gani ni ya kungoja.

Na tusidhani kwamba kuwa na mashua pekee kunatosha. Mwishoni mwa Aprili 2024, barabara ilipokatwa na mafuriko ya Mto Tana karibu na Garissa, mashua iliyokuwa ikivusha watu ilijazwa kupita kiasi chake, ikapinduka mbele ya macho ya watu, wengine wakafa maji. Hapo chombo kilikuwapo. Hapakuwapo na mtu wa kuandika kwa rangi nyekundu idadi ya watu, wala mwenye amri ya kumwambia wa mwisho, "Wewe ngoja." Nahodha wa pwani, hata wa mtumbwi wa kuvusha kijito, hukuambia neno hilo bila ya haya, nawe hukasirika, lakini unangoja.

Kwa ajili hii mpwa wangu alikwenda katika ofisi moja ya umma kuuliza habari za kuandikisha chombo kidogo na kupata mafunzo ya kuwafundisha vijana wengine. Siitaji ofisi hiyo kwa jina. Alipoulizwa anakaa wapi akajibu Malili, karani akawaita wenzake waje wasikie. Wakacheka sana. Akapewa karatasi ya kujaza yenye swali juu ya bandari ya chombo, akaiacha mahali hapo wazi, na karatasi ikarudishwa kwa sababu haikujazwa yote.

Mimi naona jambo hili ni jepesi kuliko wanavyolifanya. Kaunti za Kitui na Makueni zina vyuo vya ufundi ambamo vijana hufundishwa useremala. Kijana anayejua kuunda kabati la nguo amekwisha kujua nusu ya mashua ya kushonwa. Nusu iliyobaki ni umbo, mshono na hesabu ya uzito. Na pwani, Mtongwe, Matondoni, Vanga, wako wazee ambao tezo zao zimening'inia ukutani. Mzee mmoja wa namna hiyo akialikwa kwa muhula mmoja tu, akapewa nyumba na mshahara wa heshima, atawafundisha hao vijana yale ambayo hayamo katika michoro: kuusikiliza ubao kwa kuugonga, kuutambua mshono utakaovuja kabla haujavuja, kumkataza mtu wa tatu asiingie. Serikali iliyopata fedha za kujenga mji mzima nyikani haitashindwa na nauli ya mzee mmoja na mbao kumi za plaiwudi.

Wala sisi wa magazeti tusijitoe. Lile la London halikungoja serikali. Ukurasa huu umechapisha mashairi ya mapenzi, malumbano ya vina na mafumbo ya Ramadhani, na nimeshiriki katika hayo yote. Nimemwomba mhariri nafasi ya majuma manne mfululizo tuchapishe mchoro wa mashua ndogo, vipimo vyake kwa futi na inchi, na maneno yake kwa Kiswahili chake chenyewe, mkuku, taruma, gubeti, tezi, ngama, upo, ili mtoto wa Wote au Mutomo anayekata ubao wake ajue kwamba kila kipande anachokishika kina jina, na kwamba jina hilo linapatikana katika lugha anayoizungumza shuleni. Mhariri amesema atafikiri. Msomaji akiona vyema na amwandikie.

Siku ya pili yake, kabla sijarejea, tuliibeba mashua mpaka kwenye lambo moja la kunyweshea ng'ombe, mwendo wa nusu saa, mimi nikishika nyuma na kusimama kupumzika zaidi ya nilivyopenda kuonekana. Yule mama wa maembe alikuja, na watoto wasiopungua ishirini. Mpwa wangu alisoma Bismillahi akaisukuma. Ilielea imelala kidogo upande wa kushoto, kwa kuwa mtungi mmoja ulikuwa umefungwa vibaya. Akapiga kafi mara sita akawa ng'ambo, maana lambo lenyewe ni dogo, akageuka akarudi. Ndani palikuwa na maji ya kikombe kimoja, yakitoka katika mshono wa nyuma, chini ya ubao wa kukalia. Akatia alama kwa kipande cha makaa.

"Nani wa pili?" akauliza, maana nafasi ilikuwa ya mtu mmoja zaidi. Nilikuwa nimekwisha kuvua viatu, lakini mama wa maembe alinitangulia. Aliweka kapu lake chini, akakunja leso, akaingia akakaa katikati kama aliyefundishwa, na kila mtoto aliyetaka kumfuata alimwonyesha kwa kidole yale maandishi mekundu.